Rafiki wa Bwenini: Jawabu kwa Kijana Aliyeuliza

Ndugu msomaji, somo letu la mara hii halikutoka kitabuni. Limetoka katika suali la kijana mmoja wa hapa Voi, aliyelileta miaka michache iliyopita baada ya darsa ya alasiri, wenzake walipokwisha kuondoka na yeye akabaki akikunja mikeka ambayo hakuna aliyemwambia aikunje. Tumemwomba ruhusa ya kulieleza, naye amekubali kwa masharti mawili: lisitajwe jina lake, wala jina la shule aliyokuwa akisoma. Tumeona masharti hayo ni ya haki, kwani katika kisa hiki wamo watu wengine ambao hawapo hapa kujisemea.

Kijana huyo alikuwa kidato cha pili katika shule ya kulala iliyo mbali, huko bara, na wakati ule amekuja nyumbani kwa mapumziko ya katikati ya muhula. Akaniuliza, "Maalim, mtu akijua kwamba rafiki zake wanapanga jambo baya, naye akanyamaza, je, ana dhambi?"

Nikamjibu, "Mwanangu, hilo lategemea jambo lenyewe."

"Na akilisema, ikawa amewasaliti watu waliomtendea wema wakati ambapo hakuna mwengine aliyemjali?"

Nilipoona kwamba suali hili la pili limemtoka kwa uzito kuliko lile la kwanza, nikamwambia aiache mikeka, akae kitako.

Mtoto wa Voi hukua bila ya kuujua ugeni. Mji wetu ni njia panda. Reli ya kutoka Mombasa ilifika hapa mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, na katika Vita Vikuu vya Kwanza likatolewa tawi lake la kwenda Taveta. Tangu siku hizo watu hawakuacha kushuka hapa na kukaa. Mtoto akitoka nje ya mlango wa kwao hukutana na mtoto wa Kitaita aliyeteremka kutoka Sagalla, na wa Kikamba, na wa Kisomali, na wa Kiswahili ambaye babu yake aliletwa na kazi ya reli, na yule ambaye wazazi wake hukata katani shambani. Jina la Kiislamu halimshangazi mtu, wala la Kikristo. Ziko nyumba ambazo watoto wa tumbo moja wana majina ya namna zote mbili, na sahani yao ni moja. Kijana wetu alilelewa katika hali hii. Akafaulu mtihani, akachaguliwa shule yenye sifa, wazazi wakamnunulia sanduku la bati na godoro na ndoo, wakamsindikiza hadi kwenye basi kwa furaha kubwa. Na kwa mara ya kwanza katika umri wake akawa mgeni.

Katika bweni lao walikuwamo wavulana wapatao sitini, na Waislamu watatu. Mwanafunzi mpya katika shule zetu nyingi za kulala huitwa "mono", na jina hilo lina kazi zake: kufua nguo za wakubwa, kuwachotea maji, kutoa sukari yake na sabuni yake aambiwapo atoe. Mambo haya yamepigwa marufuku siku nyingi, na bado yapo. Juu ya hayo, Kiswahili chake kilichekwa. Kanzu yake ya Ijumaa ilivaliwa na mkubwa mmoja akacheza nayo ngoma kati ya vitanda. Ulipoingia mwezi wa Ramadhani alikuwa akiweka githeri ya jioni chini ya kitanda apate kuila daku, na kiranja wa bweni akamkataza kuamka kabla ya kengele.

Sasa msomaji asikilize jambo ambalo kijana alilieleza kwa sauti ya chini. Kitanda cha pili yake kilikuwa cha mvulana mmoja asiyekuwa Mwislamu, aliyetoka mbali kuliko yeye, mwenye viatu vilivyofunguka nyayo. Mvulana huyu hakuwa amefunga, wala hakuwa na haja ya kuamka. Lakini kila usiku, saa kumi, alimgusa bega bila ya kusema neno, na yeye mwenyewe akalala mlangoni kana kwamba ameshikwa na joto, ili kiranja akija asipite bila ya kumkanyaga. Mwezi mzima alifanya hivyo.

Huyu alikuwa mmoja katika kikundi cha wavulana wanne waliolala mwisho wa bweni. Mmoja karo yake haikutimia hata muhula mmoja, akawa hurudishwa nyumbani mara kwa mara na kuikosa mitihani. Mwengine alikuwa na kigugumizi. Wa tatu alikwisha kufukuzwa katika shule nyengine, na walimu walimjua kwa hilo kabla ya kumjua kwa jingine lolote. Wanne hawa waliwekwa kando na wengine, kisha wakaunganishwa na kule kuwekwa kando. Walimkaribisha kijana wetu akawa wa tano.

Wazee wengi, nikiwemo mimi, tumezoea kuwauliza watoto wetu wakija likizo: rafiki zako ni nani? Na tukisikia kwamba wanatembea na watu wasiosifika, hukasirika. Sikumbuki kama niliwahi kumuuliza mtoto: nani alikataa kuwa rafiki yako? Katika bweni lile walikuwamo wanafunzi hodari, wenye adabu, wanaosifiwa siku ya wazazi. Hawakumpiga kijana huyu wala hawakumchukulia sukari yake. Walimpita tu. Basi watu wema wakimpita mgeni, mgeni huyo atakaa na atakayemkaribisha, na haifai kwa wale waliompita kuja baadaye wakamlaumu kwa mahali alipoketi.

Tuje kwenye jambo lenyewe. Muhula ule palikuwa na manung'uniko shuleni. Maharagwe yalikuwa na wadudu. Maji yalikatika siku nyingi. Mwalimu mmoja alimpiga mvulana mmoja hata mkono ukavimba, ijapokuwa kupiga wanafunzi kumeondolewa katika sheria ya nchi hii tangu mwaka 2001. Wavulana wakaanza kunong'ona habari ya mgomo, na usiku mmoja, katika kile kikundi cha mwisho wa bweni, yule aliyewahi kufukuzwa akasema kwamba mgomo hausikilizwi. Kinachosikilizwa ni moto. Akataja shule aliyoijua: bweni liliwaka, wanafunzi wakapelekwa nyumbani wiki mbili, na waliporudi walimkuta mwalimu mkuu amehamishwa. Hakuna aliyempinga. Yule wa viatu vilivyofunguka alisema tu kwamba petroli haipatikani kwa urahisi.

"Na wewe ulisema nini?" nikamuuliza.

"Sikusema kitu, Maalim. Nilicheka pamoja nao."

Hapa msomaji asifanye haraka kusema kwamba vijana wa siku hizi wameharibika. Uasi wa wanafunzi ni wa zamani kama shule zenyewe. Mwaka 1908 wanafunzi wa Maseno, katika shule ya misheni, waligoma kwa sababu walifanyishwa kazi za mikono ilhali wao walitaka wafunzwe kusoma na kuandika. Leo hapana hata mmoja wetu atakayesema kwamba walitaka jambo baya. Kulalamika si dhambi, na kukataa dhuluma ni katika mambo tunayoamrishwa.

Lakini kuna mgomo na kuna kuangamiza, na katika nchi yetu mpaka baina ya mambo haya mawili umevukwa mara nyingi. Mwezi wa Julai 1991, katika shule ya Mtakatifu Kizito huko Meru, wavulana waligoma, na wasichana wa shule hiyo hiyo wakakataa kuwaunga mkono. Usiku wavulana wakavamia bweni la wasichana. Wasichana 19 walikufa na wengi wengine wakanajisiwa. Kosa lao lilikuwa kusema kwamba hawamo. Mwezi wa Machi 1998 liliwaka bweni la wasichana wa Bombolulu katika wilaya ya Kwale, karibu nasi, na waliokufa walikuwa zaidi ya ishirini. Mwaka 1999, katika shule ya upili ya Nyeri, wanafunzi waliwachoma moto viranja wanne katika chumba chao walimolala. Na usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001, katika shule ya Kyanguli, Machakos, bweni lilimwagiwa petroli likatiwa moto, wakafa wavulana 67. Madirisha yalikuwa na vyuma, na mlango mmoja ulikuwa umefungwa. Waliopelekwa mahakamani kwa moto ule walikuwa wanafunzi wawili wa shule hiyo hiyo.

Mwaka 2016 pekee shule zaidi ya mia moja ziliunguzwa. Mtafiti mmoja, Elizabeth Cooper, ambaye alichapisha makala juu ya jambo hili mwaka 2014, alionyesha kwamba wanafunzi hawachomi kwa wazimu wala kwa kuiga tu. Wameangalia mambo ya nchi hii yanavyokwenda, wakajifunza kwamba moto huwaleta wakubwa mbio pale ambapo maneno hayakuwaleta. Ndiyo hoja ile ile ya kijana wa mwisho wa bweni, naye hakuisoma popote.

Kati ya visa hivi vyote kimoja hunirudia zaidi, kwa sababu hakikuwa cha kundi. Tarehe 2 Septemba 2017, usiku, liliwaka bweni katika shule ya wasichana ya Moi, Nairobi, wakafa wasichana 10. Aliyeshitakiwa alikuwa msichana wa kidato cha kwanza, mwenye umri wa miaka 14 wakati ule. Mahakama ilimtia hatiani kwa kuua bila ya kukusudia, na mwaka 2022 akahukumiwa kifungo cha miaka mitano. Katika kesi ilielezwa kwamba shule ile hakuipenda na alikuwa akitaka kuhamishwa. Sisemi haya ili kupunguza uzito wa roho kumi. Hizo zina wazazi wao, na hakuna hukumu itakayowarudishia kitu. Nasema kwamba mgeni asiyesikilizwa aweza kuwa mmoja tu, mdogo, na bado bweni zima limo katika mikono yake.

Mafundisho ya Mtume (s.a.w.) yana mfano ambao nauona umewekewa bweni, ijapokuwa ni wa chombo cha baharini. Watu walipanda chombo kimoja wakapiga kura. Baadhi yao wakapata nafasi ya juu na baadhi ya chini. Waliokuwa chini walipotaka maji walilazimika kupanda na kuwapita walio juu. Wakasema: lau tungetoboa tundu katika fungu letu tusiwaudhi wenzetu wa juu. Walio juu wakiwaachia, wote wataangamia. Wakiwashika mikono, wataokoka wote.

Mara nyingi tukiusoma mfano huu huwaona wakosa wa chini tu. Lakini tuutazame vizuri. Wale watu walikuwa na kiu, na kiu yao ilikuwa ya kweli. Hawakuwa na nia ya kumzamisha mtu. Tena walitaka kupunguza maudhi. Walichokosa ni kufahamu kwamba tundu halina fungu: maji yakiingia hayaulizi nafasi ya nani. Na wajibu wa kuwazuia hakupewa mfalme wala askari. Walipewa walio juu, abiria wenziwao. Nami nauliza, walio juu walikuwa wapi siku zote ambazo wenzao walipanda na kushuka na ndoo? Lau mmoja wao angeteremsha kamba, habari ya tundu isingetajwa.

Bweni ni chombo cha namna hii. Anayelichoma hulala humo humo, na rafiki zake hulala humo. Moto wa magodoro ya sponji hauendi polepole, na moshi wake humwangusha mtu kabla ya ndimi za moto kumfikia. Yule anayedhani kwamba atawasha kidogo, kwa kutisha tu, saa ya masomo ya usiku bweni likiwa tupu, hajui kama kuna mgonjwa aliyebaki kitandani amejifunika shuka.

Baada ya kumwambia kijana haya, nikayajibu masuali yake mawili.

Kuhusu usaliti, nilimwambia kwamba wanavyuoni wametufundisha kwamba yanayosemwa barazani ni amana, na mwenye kuyatoa ameivunja amana. Lakini wakatoa katika hukumu hiyo baraza ambalo ndani yake yapangwa kumwaga damu isiyo halali. Hilo halina siri. Kwa hivyo akiona petroli, au akisikia siku imewekwa, asingoje hata kupambazuke: na amwendee mwalimu wa zamu, au mlinzi, au apige kelele. Wakimwita msaliti na wamwite.

Ila wakati ule petroli haikuwapo wala siku haijawekwa. Palikuwa na maneno ya vijana watano gizani, wawili katika hao wakicheka kwa hofu. Wako watakaosema kwamba hata hapo ilimpasa kwenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu. Siwalaumu wanaoona hivyo, na baba yake alikuwa miongoni mwao. Mimi niliona kwamba hatua ya kwanza ni nyengine. Mtume aliwaambia masahaba wamnusuru ndugu yao akiwa amedhulumiwa au akiwa anadhulumu. Wakastaajabu: anayedhulumu atanusuriwa vipi? Akawafahamisha kwamba kumnusuru huyo ni kumzuia na dhuluma yake. Basi kijana huyu anadaiwa wema na wale wenziwe. Deni la kuamshwa daku mwezi mzima halilipwi kwa kucheka mtu anapozungumza habari ya kuua. Hulipwa kwa kumshika mkono. Na katika bweni lile, kwa yote niliyosikia, hapakuwa na mtu mwengine ambaye wanne wale wangekubali awashike mkono ila yeye.

Akasema, "Wataniacha, Maalim."

Nikamwambia, "Huenda wakakuacha." Sikuwa na jawabu jengine, na sikutaka kumdanganya.

Kisha tukazungumza habari ya malalamiko, kwa kuwa maharagwe yenye wadudu ni maharagwe yenye wadudu, na mkono uliovimba umevimba. Tangu mwaka 2009 serikali imekuwa ikihimiza mabaraza ya wanafunzi yaliyochaguliwa na wanafunzi wenyewe, mahali pa viranja wa kuteuliwa na walimu. Katika shule yake baraza lilikuwapo kwa jina, na lilikutana siku ya kupigwa picha. Nikamwambia waandike barua.

Hapa nitoke kidogo. Wako ndugu zetu ambao wakisikia kijana Mwislamu amepata taabu shuleni husema mara moja kwamba hayo ni mambo ya shule za misheni, na kwamba dawa ni kumtoa. Sikubaliani nao. Kiranja aliyemkataza daku alimkataza kwa sababu alipenda kukataza. Wanyonge wa kila dini aliwafanyia vivyo hivyo. Na pale ambapo haki ya dini inaguswa kweli, njia zipo. Wasichana wa Kiislamu wa shule moja ya Isiolo walipozuiwa kuvaa hijabu, mzazi mmoja aliifikisha habari yao mahakamani. Mahakama ya Rufani ikawapa haki mwaka 2016, kisha Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo tarehe 24 Januari 2019, kwa sababu iliyohusu namna dai lenyewe lilivyoletwa mbele ya majaji. Tulihuzunika. Lakini hapakuungua kitanda, na suali lenyewe bado laweza kuulizwa tena.

Kwa wazazi nina neno moja la kazi. Kanuni za usalama wa shule zilizotolewa na wizara mwaka 2008 zasema kwamba bweni liwe na mlango kila upande na mwengine wa dharura katikati. Milango ifunguke kwa nje, wala isifungwe kwa nje wakati wanafunzi wamo ndani. Madirisha yasiwe na vyuma. Na baina ya kitanda na kitanda pasipungue mita 1.2. Siku ya wazazi sisi huketi chini ya turubai tukasikiliza hotuba, tukala wali, tukarudi. Mara ijayo, kabla ya wali, mzazi na aende bwenini alikolala mwanawe, auguse mlango, ahesabu milango mingine, atazame dirisha. Akiona vyuma aseme mbele ya wazazi wenzake. Na akiwa kule amwulize mwanawe kitanda cha pili yake hulala nani, kisha amtafute mtoto huyo na kumsalimu.

Yaliyotokea baadaye kijana alinieleza mwenyewe. Alirudi shule. Siku tatu hakusema neno. Siku ya nne, wakifua nguo bombani, alimwambia yule rafiki yake wa daku: "Mimi nalala kitanda cha tatu kutoka mlangoni. Mkiwasha, mimi sitoki." Rafiki yake aliinuka akaondoka na ndoo yake, hakusema naye kwa siku nne. Siku ya tano alikuja akamwuliza barua huandikwa vipi.

Waliiandika watano. Yule mwenye kigugumizi ndiye aliyekuwa na mwandiko mzuri. Wakakusanya majina ya wenziwao zaidi ya thelathini, wakayapanga kwa duara asionekane aliye wa mwanzo, wakampa mwalimu wa zamu. Ikapita wiki, hakuna jawabu. Wiki ya pili kidato cha tatu wakagoma kula, masinia yakapigwa, madirisha ya ukumbi wa kulia yakavunjwa. Bweni halikuguswa. Shule ikafungwa, na wanafunzi wakaambiwa warudi kila mmoja na pesa za vioo. Na ile barua ikatolewa sandukuni, yale majina ya duara yakasomwa kuwa ndiyo majina ya wachochezi. Kijana wetu na rafiki yake wakaongezewa muda wa kukaa nyumbani, na kuamriwa waje na wazazi mbele ya bodi ya shule.

Baba yake alipopata habari alinijia kwa hasira, akaniambia, "Sheikh, umemfunza mwanangu kuandika barua, tazama sasa." Sikuwa na la kumjibu, na mpaka leo silo jambo ninaloweza kulipita kwa wepesi. Waliovunja vioo walilala nyumbani wiki mbili. Aliyezuia moto alilala tano.

Yule rafiki hakuwa na nauli ya kwenda kwao na kurudi mara mbili. Mama yake alipiga simu kwa njia ya jirani, akaomba mwanawe aje akae Voi. Akaja na sanduku lake. Usiku wa kwanza mama wa nyumba alimtandikia ukumbini, na alfajiri, kabla ya adhana, alimkuta amekwisha kuamka kwa mazoea, ameketi mlangoni.

Siku ya bodi ilipofika, baba alipanda basi la usiku na vijana wawili. Aliitwa ndani akaulizwa yeye ni mzazi wa nani. Akasema wa hawa wawili. Wakamwuliza itakuwaje, majina hayafanani. Akasema huyu mmoja nimemzaa, na huyu wa pili mama yake yuko mbali, amenipa amana. Alirudi Voi kesho yake jioni, akapita kwangu msikitini na karatasi mbili za kurudishwa shule, akazitoa mfukoni akanionyesha, kisha akauliza kama viatu nambari nane vyapatikana sokoni kwa bei nafuu, kwa kuwa vile vya kijana vimekwisha kabisa.